Sufuria Iliyopimwa Mara Nne

Nyumbani kwa Adija, huko Mutakura, mtaa wa Bujumbura nchini Burundi, chakula cha mchana kililiwa juu ya mkeka, na wote walikula katika sinia moja. Thabit, mumewe, alikaa upande wa mlango. Watoto wao wawili, Ilyas na Nura, walikaa upande wa ukuta. Hao walikuwa mapacha wa miaka sita. Adija mwenyewe alikaa karibu na birika, kwa sababu katika nyumba ile chakula bila chai ya rangi hakikuitwa chakula.

Sinia lilibeba ugali wa muhogo. Katikati yake palikaa bakuli la maharage au lengalenga, mboga ya majani kama mchicha. Siku njema palikuwa na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Nyama ilikuja siku ya Idi, na ikiondoka haikuaga.

Ilyas alikula kwa haraka. Tonge la kwanza halijafika tumboni, la pili liko njiani. Nura alikuwa mpole. Alimega kidogo, akapuliza, akatafuna, akanywa chai. Alipofika tonge la tatu au la nne, bakuli la mboga lilikuwa jeupe. Basi alirudi kwenye chai.

Ilyas alikuwa na mashavu. Nura alikuwa na macho tu. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na akipanda ngazi tatu za mlangoni alisimama apumzike kama bibi kizee. Shuleni wenzake waliporuka kamba, yeye aliwashikia viatu.

Majirani hawakukosa maelezo. Wengine walisema ni jicho la mtu. Wengine walisema ni minyoo. Wako waliosema kwamba katika mapacha, mmoja hula nguvu za mwenzake. Maneno hayo Adija aliyachukia kuliko yote, na aliyemletea hakukaribishwa tena.

Thabit alikuwa na hesabu yake. Alikuwa na duka dogo la chumvi, sabuni na mafuta, na alipenda mambo yaliyonyooka.

"Sinia ni moja," alisema. "Chakula ni ile ile. Ilyas iko muzima. Basi chakula haina kosa. Tatizo ya Nura iko mahali pengine."

Kwa Adija maneno ya mumewe yalikuwa na mantiki. Yalikuwa na kosa pia, lakini hakulijua bado.

Huo ulikuwa mwaka 2004. Vita vilikuwa na umri mkubwa kuliko mapacha. Risasi zililia milimani, watu wakasikiliza kidogo, wakapima umbali kwa masikio, wakaendelea kuchambua maharage. Barabara ya bara ikifungwa, maharage yalipotea sokoni. Ikifunguliwa, yalirudi. Hivyo ndivyo watu walivyoishi, na hakuna aliyejisifu kwa hilo.

Mwezi wa tano, shefu wa kartiye, yaani mkuu wa mtaa, alipita nyumba kwa nyumba na barua. Alisema kwamba serikali inafanya utafiti wa lishe. Utafiti maana yake ni kuchunguza jambo kwa utaratibu mpaka ukweli wake ujulikane. Watafiti watapima chakula cha nyumba arobaini katika kila kartiye, na kartiye ni sita. Nyumba ya Adija ilikuwa kwenye orodha, pamoja na nyumba tatu nyingine za ua ule ule.

"Atakuja madamu mumoja na mizani," alisema shefu. "Jumatano ijayo. Mupike kama kawaida."

Watu walisikia yote isipokuwa neno la mwisho.

"Mgeni wa serikali anaingia kwangu, mi nimupimie lengalenga?" aliuliza Thabit. Babu yake alitoka Oman, akafungua duka Bujumbura zamani sana. Kwa mujibu wa Thabit, hakuna mgeni aliyewahi kutoka nyumbani kwa babu huyo bila mafuta midomoni. Labda ilikuwa kweli. Babu hakuwepo kuulizwa.

Jirani yao Mathilde, aliyeishi mlango wa pili, aliona vivyo hivyo. Yeye alikuwa Mkristo, mama wa mtoto mmoja aitwaye Maxime. "Wakiona tunakula majani, watasema nini kule kwenye biro ya serikali?" alisema. "Watasema Mutakura ni watu gani?"

Basi nyumba nne zikashauriana. Mpango wao ulikuwa mwepesi. Thabit alinunua kilo mbili za nyama ya ng'ombe. Mathilde alitoa sufuria yake kubwa. Adija alipika, maana mkono wake wa pilau ulisifiwa ua mzima. Watoto wakaambiwa wasiguse kitu mpaka madamu afunge daftari.

Jumatano madamu akaja. Aliitwa Candide. Alikuwa kijana, mnyamavu, na viatu vyake vilijaa vumbi. Aliwekewa kiti. Akanawishwa mikono. Akatoa mizani begani, akapima wali, akapima nyama, akaandika. Kisha akagawa uzito kwa idadi ya watu wa nyumba.

"Kila mutu anapata sehemu sawa?" aliuliza.

"Sinia ni moja," alijibu Thabit kwa fahari.

Candide akaandika: sawa. Akaonjeshwa pilau, akashukuru, akaingia nyumba ya pili kwa mlango wa mbele. Wakati huo sufuria ya nyama ilikuwa imekwisha kupita mlango wa nyuma. Ilimtangulia nyumba ya pili, ikamtangulia ya tatu, ikamtangulia ya nne. Siku ile ilitembea kuliko mtu yeyote wa ua ule.

Jioni watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata Nura alicheka. Alikuwa amepata vipande viwili vya nyama, na viganja vyake vilibaki vyeupe kama jana.

Miezi miwili ikapita. Siku moja, saa nane mchana, Candide alirudi. Safari hii hakuwa na mizani. Alikuwa na barua.

"Mama Ilyas, nimekuletea habari nzuri," alisema. "Kesho kutwa iko reinyo, mukutano kubwa, Mutanga Sud, karibu na yuniversite. Serikali inapanga utafiti wa miaka tatu zinazokuja. Dokteri Jovithe, mukubwa wetu, amesoma madaftari yote. Nyumba yako imekuwa ya mfano. Anataka useme mbele ya watu namna unavyolisha familia."

Thabit, aliyekuwa mlangoni, akasimama vizuri zaidi. "Ya mfano," alirudia. "Umesikia, bibi yangu?"

Adija alisikia. Alitaka kufurahi, lakini furaha ilikataa kuja. "Huo utafiti ya miaka tatu," aliuliza, "utatafuta nini?"

Candide akakaa. Hili alilipenda kulieleza.

"Zamani tulisema watoto wote wapewe uji moja, na kipimo moja," alisema. "Sasa tunaona haitoshi. Watu wawili wanaweza kula kitu moja. Mumoja anapata nguvu, mwingine apana. Mumoja alipata malaria mara tatu, damu yake ikapungua. Mwingine iko na minyoo. Mwingine tumbo yake haipendi maziwa. Mwingine anakula polepole, wenzake wanamaliza. Basi chakula ya kumufaa kila mutu inataka kutafutwa kwa kumuangalia yeye mwenyewe. Kila mutoto atapimwa urefu na uzito. Tutatoa tone la damu kwenye kidole, tuiweke kwenye mashine ndogo. Kila mutoto atakuwa na faili yake, na mashauri yake. Na tukijua mengi, serikali itajua namna ya kusaidia watoto wengine wa nchi."

Adija, aliyekuwa akichambua maharage, aliacha. "Hata watoto wa tumbo moja wanaweza kuachana?"

"Hata mapacha."

Thabit alitazama pembeni.

"Mutakuja lini hapa Mutakura?" aliuliza Adija.

Candide alisita. "Hapa hatutakuja, mama. Pesa ya serikali ni kidogo, unajua nchi iko katika hali gani. Kartiye ni sita, pesa inatosha tatu. Watachagua zile zenye shida. Ninyi mumetolewa. Kwenye karatasi, munakula nyama kushinda watu wa Kiriri."

Kiriri ni kule mlimani, kwenye majumba ya wakubwa na magari yao. Wakati mwingine maneno kama hayo yangechekesha.

Mara Mathilde akaingia bila hodi. Alikuwa amembeba Nura mgongoni. Mtoto alikuwa ameanguka penye bomba la maji. Hakusukumwa, wala hakuteleza. Miguu ilimwishia nguvu tu.

Walimlaza mkekani. Candide alimfungua kope la chini kwa kidole, akatazama. Akatazama viganja. Akauliza kama ana homa, na Adija akasema hana.

"Damu yake inaonekana kidogo," alisema Candide. "Lakini kwa macho siwezi kujua ni kidogo kiasi gani, wala sababu yake. Inafaa ipimwe. Mulimupeleka kituo cha afya?"

"Mara mbili. Walimupa dawa ya minyoo. Mashine ya damu hawana."

Mashine hiyo, ile ndogo, ilikuwa katika mpango wa miaka mitatu. Mpango huo ulikuwa unapita kando ya Mutakura kwa sababu ya pilau. Adija aliyaona yote hayo kwa mara moja, na aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Aibu ile haikuwa ya lengalenga tena.

Alimngoja Thabit aende kumletea mtoto maji. Kisha akasema polepole, "Dada Candide. Ile nyama."

"Najua," alisema Candide.

"Unajua nini?"

"Ile sufuria iko na kovu karibu na mukono. Niliiona nyumba ya kwanza. Nikaiona nyumba ya pili. Kwenye nyumba ya tatu nikajua. Ya nne nikaipima tu."

Mathilde akashika mdomo. Adija akamkazia macho mgeni wake. "Kwa nini haukusema?"

"Mulinipa kiti," alisema Candide. "Mulininawisha mikono. Ningesema nini? Kule kwetu mama yangu angefanya vile vile. Nilifikiri ni nyumba nne tu kati ya arobaini, haitaharibu kitu." Alimtazama Nura. "Kumbe ua mwingine nao walikuwa na sufuria yao."

Mtu anaweza kumlaumu Candide, na haki iko. Alilipwa na serikali ili aandike alichokiona. Lakini alilelewa asimwaibishe mtu nyumbani kwake, na siku ile malezi yaliishinda kazi.

Candide alipoondoka, Adija alisema atakwenda Mutanga kusema kweli, na mabishano yakaanza. Mathilde aliyafungua.

"We utasimama mbele ya wakubwa useme tulidanganya? Jina yangu itatoka? Sufuria ni yangu!"

"Mi sitataja jina."

"Utasema sufuria, watauliza ya nani!"

Thabit alikuwa mkali zaidi, ingawa hakupaza sauti. "Adija, mi nina duka. Watu wananunua kwangu kwa sababu neno yangu ni moja. Sasa bibi yangu aende Mutanga kusema Thabit ni mwongo?"

Adija alikuwa amemlaza Nura pajani. "Mi siendi kusema wewe ni mwongo," alijibu. "Ninaenda kusema tulimuheshimu mgeni, na heshima ile imemufungia mutoto mlango. Wewe ulisema chakula ni ile ile, basi haina kosa. Umesikia yule dada? Sinia ni moja, lakini miili ni mbili. Na mi, mama yao, kila siku ninamuangalia Ilyas anamaliza mboga, ninafikiri wote wamekula."

Thabit alitoka nje, akasimama uani. Upande wa milima risasi zililia kidogo, kisha zikanyamaza. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Sufuria ilikuwa ya Mathilde," alisema. "Nyama ilikuwa yangu. Ukisema, useme nyama ilikuwa ya Thabit. Usimuachie mama wa watu mzigo peke yake."

Mathilde akashusha pumzi. "Basi hata mi nitaenda," alisema. "Wakiniuliza kovu ya sufuria ilitoka wapi, nitawaeleza."

Mkutano ulifanyika katika chumba kirefu chenye madirisha mengi. Mbele waliketi wakubwa. Dokteri Jovithe alikuwa katikati, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya taratibu. Pembeni yake alikaa ofisa wa fedha aliyetazama saa kila mara. Wawakilishi wa kartiye sita walikaa kwenye mabenchi, wengi wao akina mama. Ukutani palibandikwa karatasi kubwa ya mpango. Majina ya kartiye tatu yalikuwa na alama nyekundu. Mutakura haikuwa na alama.

Dokteri alieleza mpango kwa muda. Kisha akasema, "Sasa tusikie mama wa Mutakura. Nyumba yake imetushangaza. Kila mutu, mukubwa na mudogo, anapata gramu mia nne za nyama kwa siku moja. Mama, tuambie unafanyaje."

Adija alisimama. Alishika benchi la mbele.

"Dokteri, ile nyama ilikuwa kilo mbili," alisema. "Ilinunuliwa na mume wangu, Thabit. Ilipimwa kwangu. Ikapita nyuma, ikapimwa kwa Mathilde. Ikapimwa nyumba ya tatu na ya nne. Ni nyama moja. Sisi tunakula ugali na lengalenga. Siku ile tulikuwa na mgeni."

Ofisa wa fedha aliacha kutazama saa.

"Munadanganya serikali?" aliuliza.

"Tulipika vizuri kwa sababu anakuja mutu," alisema Adija. "Barua ilisema Jumatano. Wewe ukiambiwa mgeni anakuja kwako Jumatano, unapika nini?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia. Adija aliendelea kabla ujasiri haujamwisha. Alieleza habari za mapacha. Alieleza viganja vyeupe, na bomba la maji. "Mi siombi nyama," alisema. "Ninaomba mutoto wangu apimwe. Na kama mutaiacha Mutakura, muiache kwa ukweli, musiiache kwa pilau yangu."

Mathilde naye akasimama. "Sufuria ni yangu," alisema, akakaa haraka.

Candide alikuwa kwenye benchi la wafanyakazi. Alisimama bila kuitwa. "Niliona, Dokteri. Nikaandika. Kosa ni langu."

Dokteri Jovithe alimtazama kwa muda mrefu. Hakupendezwa, na hakuficha. Kisha akageukia mabenchi. "Kwenye kartiye zingine," aliuliza, "hii haikufanyika?"

Mama mmoja, mnene, mwenye kilemba cha njano, akasema, "Sisi ilikuwa kuku." Mwingine akasema kwao walificha watoto waliokonda kwa shangazi yao. Wa tatu akainua mkono. Baada ya dakika kumi, hapakuwa na kartiye hata moja ambayo madaftari yake yangeweza kuaminiwa yote. Hata zile zenye alama nyekundu zilikuwa zimepata alama kwa bahati tu, au kwa sababu watu wake walichelewa kupata barua.

"Tuahirishe," alisema mtu mmoja.

"Haiwezekani," alisema ofisa wa fedha. "Mpango usiposainiwa leo, pesa inarudi hazina. Itapewa kazi nyingine. Mwaka huu hakuna atakayetupa tena."

Hapo kila mtu alielewa uzito wa jambo. Wakisaini, pesa itafuata uongo miaka mitatu. Wasiposaini, hakuna mtoto atakayepimwa, wa Mutakura wala wa kwingine. Adija alifikiri, nimeharibu yote.

Dokteri Jovithe alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaenda ukutani. Kwa kalamu alifuta alama nyekundu zote tatu. Juu ya karatasi akaandika mstari mpya, akausoma kwa sauti:

"Miezi miwili ya kwanza: kupima upya kartiye zote sita. Bila kutoa habari mbele. Kila mutoto na sahani yake. Kila mutoto na tone lake la damu. Baada ya hapo tutachagua tatu za kufuata kwa miaka tatu." Akamgeukia ofisa. "Pesa ni ile ile. Hakuna pengo. Unaweza kusaini?"

Ofisa alisoma mstari ule mara mbili. "Hii ninaweza," alisema, akatoa kalamu.

Candide hakufukuzwa. Alipewa kazi ya kupima upya Mutakura yote, kwa miguu, chini ya msimamizi. Ilikuwa adhabu, na aliistahili.

Wiki tatu baadaye, siku isiyotajwa kwenye barua yoyote, alibisha hodi kwa Adija saa sita na nusu. Thabit aliruka kutoka mkekani.

"Wewe! Leo kuna lengalenga tu!"

"Ndiyo ninayoitafuta," alisema Candide.

Aliomba kila mtoto apakuliwe kwenye sahani yake. Akapima sahani kabla ya kula. Watoto walipomaliza, akapima kilichobaki. Kisha akaomba siku ya pili wale kwenye sinia kama walivyozoea, akakaa kimya pembeni, akahesabu matonge. Kwenye sahani yake, Nura alimaliza karibu yote. Kwenye sinia, alipata theluthi ya mboga aliyoipata Ilyas. Na alikunywa vikombe viwili vya chai.

Halafu ikaja mashine ndogo. Kidole kilichomwa, Ilyas akalia kwa niaba ya wote wawili. Kwenye mashine, kipimo cha damu ya Ilyas kilikuwa kumi na mbili. Cha Nura kilikuwa nane. Candide alieleza kwamba kwa umri wao hakifai kiwe chini ya kumi na moja na nusu.

Dokteri Jovithe mwenyewe alikuja kuzungumza na wazazi. Aliketi mkekani.

"Mumeniambia Nura aliugua malaria mara tatu mwaka jana," alisema. "Damu yake ilipungua, mwili ukahitaji madini ya chuma kuliko Ilyas. Madini hayo yako kwenye maharage, lengalenga na ndagala. Lakini yeye anapata mboga kidogo kuliko ndugu yake. Halafu anakunywa chai pamoja na chakula. Chai ya rangi inazuia madini hayo yasiingie mwilini. Kwa hiyo hata ile kidogo anayokula, nyingi inapita tu."

"Chai?" alisema Thabit. Alitazama birika kama mtu aliyesalitiwa na rafiki. "Na Ilyas anakunywa vile vile!"

"Ilyas anakula mengi, na hakuugua sana. Mwili wake unavumilia. Wa Nura hauvumilii sasa."

Mashauri hayakuwa magumu. Nura awe na sahani yake, na ndagala zake ziwekwe hapo, hata kama ni kumi tu. Chai isubiri saa moja au mbili baada ya kula. Pamoja na chakula anywe maji yaliyochemshwa, na apate kipande cha chungwa au pera, kwa sababu matunda hayo husaidia madini kuingia. Alale ndani ya chandarua. Na kila siku anywe dawa ya maji ya kuongeza damu, kwa kipimo alichopewa, mpaka apimwe tena.

Mathilde alikuwa amesikiliza kutoka mlangoni. Maxime wake naye alikuwa mdogo kwa umri wake. "Mama Ilyas, nigawie kijiko ya ile dawa," aliomba jioni yake. "Hata Maxime imusaidie."

Adija alikaribia kutoa. Kumnyima jirani kilikuwa kitu kigeni kwake. Lakini alikumbuka, akarudisha chupa kabatini. "Apana, Mathilde. Damu ya Maxime walisema iko muzuri. Madini ikizidi inaumiza. Wewe muulize Candide faili yake inasema nini."

Faili ya Maxime ilisema mengine kabisa. Yeye alihitaji chakula kingi zaidi, mara nne kwa siku, na karanga na mafuta ya mawese kwenye uji wake. Mathilde alirudi na karatasi, akaisoma kwa sauti uani. Hakumkasirikia mtu.

Miezi miwili ilipokwisha, kartiye zilichaguliwa upya kwa madaftari ya kweli. Mutakura ilikuwa ya pili kati ya tatu. Kwa zile tatu zilizobaki, Dokteri aliahidi kwamba watoto waliokutwa na damu kidogo wangepata dawa, na kwamba angeiandikia serikali kuwaombea mwaka unaofuata. Aliandika kweli. Majibu hayakuja haraka, kwa maana vita vilikuwa bado mbele ya kila kitu.

Nyumbani kwa Adija mambo yalibadilika kwa taabu. Thabit alilalamika wiki nzima kwa kunyimwa chai yake ya chakula, mpaka akaruhusiwa kuinywa dukani. Ilyas alilalamika kwamba sahani ya Nura ni nzuri kuliko yake. Adija alisimama imara. Kila mchana alipakua, kila mchana alihesabu ndagala mbele ya wote.

Mwezi wa kwanza wa dawa ile hakuona kitu. Mwezi wa pili Nura alipanda ngazi za mlangoni bila kusimama. Mwezi wa tatu alirudi na goti lililochubuka, kwa sababu aliruka kamba. Adija aliliosha jeraha lile huku akitabasamu, mpaka mtoto akauliza kama mama anafurahi yeye akiumia.

Mwezi wa nne Candide alikuja na mashine. Damu ilikuwa kumi na moja na nukta sita. Aliiandika, kisha akapewa kiti, akanawishwa mikono. Siku hiyo kulikuwa na maharage na ugali, na hakuna aliyeomba radhi.

Walikuwa bado wanakula Nura alipoinua sahani yake. Ilikuwa tupu.

"Mama," alisema, "bado iko?"

Adija alichungulia sufuria. Ilibaki ile sehemu yake mwenyewe tu, kijiko kimoja na nusu. Aliikwangua mpaka chini, akamimina yote kwenye sahani ya mtoto. Kisha akageuza uso ukutani, maana hakutaka mgeni amwone akilia.

Candide alimwona. Alifungua daftari, akaandika alichokiona: Nura, maharage, ameomba tena.